Mtamba wa Babu

Masunga alikuwa na mtamba mmoja ambaye hakuwahi kuonja fimbo. Alizaliwa njiani, familia ilipokuwa inahama na ng'ombe wake kutoka Usukumani kuja Ufipa, na walipofika Kaengesa salama Masunga akamweka awe wa marehemu babu yake. Ng'ombe wa babu hauzwi, hachapwi, hatobolewi ngozi. Mtamba mwenyewe alidumaa, mbavu nje, anaharisha leo anapona kesho, lakini hafi. "Babu anamshikilia," Masunga alisema, na jioni alimkuna shingo kabla ya kufunga zizi.

Jirani yake alikuwa Otilia, mjane wa Kifipa mwenye ng'ombe mmoja tu aliyemnunua mnadani kwa fedha za maharage. Masunga alimchunga pamoja na wake. Otilia naye, baada ya mavuno, alimwachia mabua ya shamba lake alishie kundi. Walielewana hivyo, bila karatasi.

Kisha ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Ndama waliozaliwa waliharisha mpaka wakalala chini. Miaka ile josho la kijiji lilikuwa limekauka, dawa za mifugo unanunua mjini dukani kwa Mahmud kama unavyonunua sukari, na Masunga alizinunua kweli, hazikusaidia kitu. Siku moja kilabuni akasema, "Wangu wametembea toka Shinyanga kwa miguu, hawakutupa mimba. Huyu wa mnadani ndiye kaleta uchafu."

"Mjane na ng'ombe wake, wote mkosi!" mlevi mmoja akadakia. Watu wakacheka. Masunga naye akacheka.

Akaja daktari wa mifugo, Isdori, aliyekuwa anafanya utafiti wa ugonjwa huo wa kuharisha. Alitaka damu ya kila ng'ombe. Mimi nilikuwa napita tu Kaengesa nikitafuta kibarua, nikapewa kazi ya kushika kamba. Tuliwatoboa wote walioletwa. Mtamba wa babu hakuletwa.

Mvua zilipokatika Isdori akarudi na majibu, akatukusanya pale joshoni.

"Ni kirusi," alisema. "Ng'ombe wengi humu wamekipata wakapona, na wa mama Otilia ni mmojawapo. Huyo hana tena cha kuambukiza. Mimi namtafuta mwingine. Ndama akikipata tumboni mwa mama yake, mwili wake haukitambui kuwa ni adui. Anaishi nacho, anakitoa kwenye mate na kinyesi maisha yake yote. Humu simwoni. Masunga, wako wote nimewapata?"

"Wote," alisema Masunga.

"Daktari, si umesema wa Otilia kaugua?" mtu akauliza.

"Kaugua, kapona."

"Basi kaugua! Damu yenyewe imesema."

Isdori alieleza tena na tena, watu hawakutaka kusikia. Wakaamua ng'ombe wa Otilia asinywe maji tena na wengine, auzwe kwa mchinjaji kesho yake.

Otilia akamgeukia Masunga. "Wewe ndiye umemchunga. Sema basi."

Masunga akaangalia kandambili zake za tairi.

Nyumbani mkewe, Kabula, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Umemficha kule bondeni."

"Ni wa babu. Sindano ni kumtoboa."

"Babu yako alikuwa mtu au hakuwa mtu? Angekaa kimya mjane ananyang'anywa ng'ombe?" Akatupa haragwe bovu. "Kesho nakutana na Otilia kisimani, baba Maganga. Nimwangalie na macho ya nani?"

Asubuhi, pale joshoni, kijana wa mchinjaji alikuwa ameshamfunga ng'ombe wa Otilia kamba, na wajukuu wake wanalia. Ndipo Masunga akatokea barabarani, anamvuta mtamba wa babu mchana kweupe. Hakupita njia ya nyuma. Alipita mbele ya kilabu.

"Masunga! Huyo mgeni umemwokota wapi?" wakamzomea. "Si ulisema wote?"

Akaendelea kumvuta. Isdori alikuwa hapo joshoni anafunga mizigo yake.

"Daktari, hawakuwa wote," Masunga alisema. "Huyu nilimficha."

Nilipotaka kushika kamba akanizuia. Alimshika shingo yeye mwenyewe, pale pale anapomkuna jioni, akamnong'oneza maneno ya kwao. Sindano ilipoingia ni yeye aliyefumba macho.

"Majibu yatatoka baadaye," Isdori alisema akimtazama mtamba kwato hadi pembe. "Lakini wa mama huyu asichinjwe."

Otilia akamfungua ng'ombe wake kamba kwa mikono yake.

"Dada," Masunga alisema, "mrudishe tu kundini."

"Nimrudishe akakae na huyo?"

Watu wakacheka. Safari hii Masunga hakucheka.

Majibu yalipotoka, mtamba ndiye aliyekuwa anatafutwa. Masunga alimchinja mwenyewe, akaomba radhi kwa babu mpaka jua likazama. Mimba zilizofuata zilishika.

Baada ya mavuno alipeleka kundi kwa Otilia kama miaka yote. Alimkuta na jembe, anafukia mabua na majani kwenye matuta, kama Wafipa wanavyorutubisha shamba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akaendelea kufukia.

Masunga akaswaga ng'ombe wake pembeni mwa shamba, polepole, akiwazuia kwa fimbo wasiguse hata bua moja.