Taa Nilizozichagua Kitale

Mimi ndiye niliyezichagua. Naanza na hilo kwa sababu watu wananihurumia, na wakinihurumia wanataja ukungu, mvua, barabara mbaya na mapenzi ya Mungu. Ukungu wa Mlima Elgon haukuanza juzi. Barabara ya Kapsokwony ilikuwa mbaya hata kabla sijazaliwa. Kilichokuwa kipya siku ile ni taa, na taa nilizinunua mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa 2004. Nilikuwa na Land Rover kuukuu ya kubeba viazi na vitunguu kutoka mlimani hadi soko la Chwele. Taa zake za mbele zilikuwa zimefifia kiasi kwamba vimulimuli walikuwa wanazicheka. Mke wangu Nelima alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka minne.

"Wekoye," akaniambia, "huyu mtoto akikuja siku ya mvua utanipeleka na nini? Enda utafute taa."

Nikaenda Kitale. Kulikuwa na mama mmoja pale, Nyaguthii, aliyeuza spea za magari kwenye duka jembamba lenye harufu ya grisi na chai. Alinitolea jozi mbili za taa za kuongezea, bei moja. Jozi ya kwanza ilikuwa ya taa ndogo za manjano, za kufungwa chini kabisa kwenye bampa. Jozi ya pili ilikuwa ya taa kubwa nyeupe, pana kama sufuria, za kufungwa juu ya keria. Pesa yangu ilitosha jozi moja tu.

"Unakaa wapi?" Nyaguthii akaniuliza.

"Kapsokwony. Juu kidogo."

"Huko kwa ukungu?"

"Huko huko."

"Basi si uchukue hizi za yellow. Hizo kubwa ni za mtu wa Lodwar, mahali hewa iko safi."

Nilitabasamu tu. Akaona sijashawishika. Nyuma ya kaunta alikuwa na jiko la makaa na sufuria ya chai iliyokuwa ikitokota. Akachukua tochi, akaimulika kutoka usawa wa macho yake, kupitia mvuke. Mvuke ukawaka mweupe wote, na bakuli la sukari lililokuwa nyuma yake likapotea. Kisha akainama, akaiteremsha tochi hadi mezani, chini ya mvuke. Bakuli likaonekana, na hata sisimizi aliyekuwa akitembea ukingoni.

"Umeona?"

"Nimeona."

Na kweli niliona. Siwezi kusema sikuambiwa. Lakini nilipokuwa darasa la sita, magari ya mashindano yalipita karibu na shule yetu yakiturushia matope, na kila moja lilikuwa limebeba mataa makubwa. Tulisimama kando ya barabara tukipiga kelele hadi sauti zikakauka. Tangu siku hiyo nilizitamani taa za namna ile kama mtu anavyotamani mke wa jirani. Sasa zilikuwa mbele yangu kwenye kaunta, zinang'aa, na mama wa watu ananielekeza kwenye vitaa vya manjano vinavyofanana na viini vya mayai.

"Nipe hizo kubwa," nikasema.

Nyaguthii akainua mabega. "Pesa ni yako, bana." Akazifunga kwa gazeti. Nilikuwa nimeshamweleza habari za Nelima, kwa hivyo nilipokuwa natoka akaniita. "Bibi akizaa unisalimie yeye!"

Nisiwe mwongo, zilinipa raha. Sokoni Chwele watu waliniona nikiwa bado mbali mlimani, wakasema, "Wekoye huyo anashuka." Wazee wa kanisa waliomba niwabebe kwenda mkutano wa Naitiri, na nilijua wanafuata taa. Nelima alinicheka, akasema sasa ana mke mwenza. Nayo siku ambayo ukungu ulinikuta njiani niliegesha tu kando, nikala mahindi ya kuchoma hadi ukapita. Viazi haviumwi. Vinaweza kungoja.

Sasa niseme kuhusu mama mkwe wangu, maana bila hilo hutaelewa. Kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Jina lake silitaji, hata hapa sitalitaja. Simpi mkono wala simtazami usoni, na tukikutana njiani mmoja wetu huingia kwenye mahindi hadi mwenzake apite. Ni heshima, wala haina chuki ndani yake. Alikaa ng'ambo ya kijito kutoka kwetu, na alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mteremko ule walipokelewa na mikono yake. Katika miaka minne ya ndoa yangu sidhani tulikuwa tumesemezana maneno kumi. Akiwa na jambo alimwambia Nelima, "Mwambie mwenye gari," huku mwenye gari nimekaa hatua tano kutoka pale.

Siku ya Nelima ilifika katikati ya mwezi wa sita. Uchungu ulianza asubuhi. Mama yake aliingia kwa mlango wa nyuma, mimi nikatoka kwa mlango wa mbele, nikashinda nje nikisafisha gari ambalo halikuwa chafu. Saa kumi na moja jioni akatoka. Akanipa mgongo, akauambia ukuta wa jikoni:

"Mtoto amekaa vibaya. Mimi siwezi. Apelekwe hospitali Bungoma, sasa hivi."

Tukatandika godoro nyuma ya Land Rover, tukamlaza Nelima, mama yake akakaa naye. Mvua ilikuwa imeanza. Tulipita kona ya kwanza na ya pili vizuri. Kwenye kona ya tatu ukungu ukashuka, na jioni yenyewe ilikuwa inaanza kuingia giza.

Nikawasha taa zangu kubwa.

Nilifunikwa shuka nyeupe usoni. Sikuona barabara, sikuona bonde la mkono wa kushoto, hata pua ya gari langu sikuiona. Nikazizima. Nikaona kijivu kitupu. Nikawasha tena, kana kwamba mara ya pili zingekuwa taa nyingine. Waipa zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri, kioo kilikuwa safi kabisa, na hakukuwa na cha kuona. Nikazizima tena, nikaenda kwa kubahatisha hadi gurudumu la kushoto likateleza kuelekea bondeni. Nikakanyaga breki, na gari likasimama limeinama.

"Mbona tumesimama?" Nelima akauliza kutoka nyuma.

"Sioni."

"Si uwashe taa?"

Nililia. Sioni aibu kulisema. Huyu hakuwa gunia la viazi, na hakuwa na muda wa kuningoja nile mahindi.

Nikasikia turubai la nyuma likifunuliwa. Mama mkwe akapita kando ya gari, akasimama mbele ya bampa, karibu kiasi cha kuonekana kwa zile taa zangu za zamani. Akavua viatu ili miguu yake iutambue ukingo wa barabara. Akafungua kitambaa chake cheupe cha kanisani, akakifunga mabegani. Halafu akageuka, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Angaria mgongo yangu," akasema. "Mahali naenda, kuja."

Akatembea. Nikarudisha gari barabarani polepole, nikamfuata hatua tatu nyuma yake, macho kwenye kile kitambaa. Alikuwa karibu na ardhi, chini ya ukungu, mahali ambapo zile taa ndogo za Nyaguthii zingekuwa. Ndipo likanijia wazo ambalo halijanitoka hadi leo. Mkunga alikuwa mbele akifanya kazi ya taa, na mwanawe alikuwa nyuma peke yake.

Sijui tulienda umbali gani. Labda nusu kilomita. Nelima akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu.

"Wekoye! Miguu! Miguu ya mtoto imetoka! Ita mama!"

Nikapiga honi.

Nilimaanisha asimame, arudi. Lakini hatukuwa tumepatana ishara yoyote. Nani hukaa chini na mama mkwe wake wakapatana ishara? Na barabarani kwetu gari likikupigia honi mgongoni linakuambia jambo moja tu, uongeze mwendo. Akaongeza. Nikapiga tena, kwa nguvu, nikakandamiza kwa kiganja chote. Akaanza kukimbia. Mama wa miaka sitini, pekupeku, kwenye matope ya mlima, akikimbia kwa sababu yangu. Nilipokanyaga breki injini ilizimika, na kitambaa cheupe kikaingia kwenye ukungu mweupe, kikapotea.

Niliruka nje. Nikafungua mdomo nimwite na mdomo ukakataa, maana jina lake sikuwahi kulitamka. Kwa pumzi chache, Mungu anisamehe, nilisimama nikitafuta neno. Kisha nikapaza sauti, "Mama! Mama!" Mvua ilikuwa inapiga bodi ya gari na sauti yangu haikufika popote. Nikarudi ndani, nikawasha zile taa kubwa. Nilijiambia, hizi huonekana hadi Chwele, hawezi kukosa kuziona. Ziliwaka vizuri sana. Zikaangazia ukungu uliokuwa umenizunguka, basi.

Nikaenda nyuma kwa Nelima. Mwili wa mtoto ulikuwa umeshatoka, kichwa kimebaki. Nelima alinishika shati akaniambia, "Fanya kitu." Nilimshika mtoto kwa mikono yangu miwili, mikono inayoinua gunia la viazi kama mto wa kulalia, na sikujua nimvute au nimwache. Sikufanya kitu.

Mama mkwe alirudi baada ya kugundua hasikii gari nyuma yake. Alifika anahema, magoti yamejaa damu na matope, akanisukuma kando. Alichokuwa akifanya alikijua, na hakikuchukua muda hata kidogo. Mtoto alikuwa msichana, mwenye nywele nyingi. Mama mkwe akampulizia mdomoni, akamsugua mgongo, akamgeuza, akampulizia tena. Aliendelea hata baada ya sote kujua.

Upepo uliusukuma ukungu baada ya saa nzima, nikateremka hadi Bungoma. Nelima walimwokoa. Muuguzi alimtazama mtoto, akasema kwa upole kwamba kichwa kilichelewa kutoka.

Nilipopita Kitale mwezi uliofuata, Nyaguthii aliniona kutoka mlangoni akapaza sauti, "Mtoto ni nani, kijana ama msichana?" Nilijifanya sijasikia. Taa bado ziko juu ya keria. Nimezikata waya lakini kuzishusha sijaweza, na Chwele bado wanazisifia.

Wiki moja baada ya kumzika mtoto, mama mkwe alikuja kumwona Nelima. Nikainuka nitoke kwa mlango wa mbele, kama kawaida.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Alivuta kiti akakigeuza, akaketi akinipa mgongo. Nelima alilala kitandani akitutazama sote wawili. Mama mkwe aliweka mikono mapajani.

"Ile honi," akauuliza ukuta. "Ulikuwa unaniambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Nadhani angetaka nidanganye.

"Nilikuwa nakuambia urudi, mama."

Mabega yake yakashuka.

"Na mimi nilikimbia," akasema. "Nilikimbia sana."