Mwasha Taa wa Mashine Tatu

Mama alisema "Sio huu" nikiwa bado nimeinama nyuma ya televisheni, bisibisi mdomoni. Hakungoja hata mchezo uanze vizuri. Alitazama kioo, akaisukuma kibodi kwa mkono wake mzima mpaka karibu yote ikatoka mapajani na kulalia kochi upande wa kushoto, kisha akageukia dirishani.

"Umemsikia," dada yangu akasema. "Sio huu. Nilikwambia tangu asubuhi."

Mimi ni mvumilivu. Nimetengeneza televisheni maisha yangu yote, na fundi asiye na subira hufa kwa shoti ya umeme mapema. Lakini dada yangu akiwa amesema kweli, halafu akaikumbushia, hapo uvumilivu wangu hufika ukingoni.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, uso ulirudi, akili haikwenda popote. Vilivyobaki nyuma ni mkono wa kulia, uliolala mapajani kana kwamba si wake, na maneno, yaliyokuwa yakitoka moja moja tena kwa kuchagua. Binti wa mazoezi ya viungo aliyekuja kumhudumia alimletea mpira wa sponji, udongo wa kufinyanga na kamba za kufunga mafundo. Mama aliviacha vyote vidondoke sakafuni huku akimtazama machoni. Siku hiyo yule binti alituita jikoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba vidole visipopata kazi sasa hivi vitajikunja na vitabaki hivyo hivyo.

"Mtafutieni kitu anachokitaka mwenyewe," alisema. "Mimi naweza kumfundisha, siwezi kumtakia."

Tukamuuliza Mama anataka nini. Akafikiri sana, akasema, "Taa." Tukawasha taa. "Sio." Tukazima. Akatutazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sabuni. Kisha akagonga mkono wa kochi kwa kidole chake kizima, harakaharaka, mara mbili, na dada akashika mdomo.

"Mwasha Taa," akasema. "Anataka Mwasha Taa."

Mwasha Taa ulikuwa mchezo wa kompyuta yetu ya zamani, enzi zile kompyuta ya nyumbani ilikuwa kibodi nene unayoichomeka kwenye televisheni, na mchezo unakaa ndani ya kaseti. Jina lake halisi lilikuwa la kigeni na sisi tuliupachika hilo letu. Mtu mdogo mwenye kofia anapanda mnara ghorofa kwa ghorofa akiwasha taa, popo wanamfuata, na sakafu zina mapengo ya kuruka. Mama ndiye pekee nyumbani aliyewahi kuifikia taa ya juu kabisa. Baba aliliapia hilo mbele ya wageni.

Ningefurahi kama habari ingeishia hapo. Lakini zamani zile mchezo mmoja haukuwa mchezo mmoja. Kila aina ya kompyuta ilitengenezewa Mwasha Taa wake, na kila mtengenezaji alifanya alivyoweza kwa nguvu za mashine aliyopewa. Jina moja, picha ya kasha moja, ndani vitu tofauti. Yetu Baba aliigawa tulipohama, na leo Baba hayupo wa kuulizwa ilikuwa aina gani. Mimi nilikumbuka. Dada naye alikumbuka. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Nina mteja anayekusanya mashine za kale. Nimemtengenezea vioo vyake kwa miaka, kwa hiyo hakuweza kuninyima. Akanipa aina tatu alizojua ziliwahi kufika mtaani kwetu, pamoja na kaseti zake, na onyo kwamba chai isikaribie hata moja. Tulizipa majina siku hiyo hiyo. Moja ni ndogo, vitufe vyake laini kama kifutio cha penseli. Hiyo tuliiita Raba. Ya pili ni ya kahawia, imevimba, nzito, Tofali. Ya tatu ilikuja na makorokoro yake yote, kila kitu kinang'aa, nayo tukaiita Bwana Harusi.

Bwana Harusi ndiye aliyekataliwa kwanza, na kusema kweli alistahili. Rangi alikuwa nazo, kila ghorofa na yake, lakini mtu wetu alitembea kama anakwenda kulipa kodi. Popo wenyewe walionekana kuchoka.

Ikafuata Raba, mashine yangu, maana mimi niliapa ndiyo iliyokuwa yetu. Kwenye Raba mtu ni mwembamba, amechorwa vizuri mpaka ukingo wa kofia unauona, lakini rangi zinaambukizana. Akisogelea taa ya njano, naye anageuka njano. Akipita popo mwekundu, nusu ya mguu inakuwa nyekundu. Mimi niliipenda kasoro hiyo. Niliikumbuka kabisa, mtu akila mwanga wa taa.

"Taa zetu hazikuwa njano," dada alisema. Yeye hushona mapazia, na mtu akitaja rangi mbele yake ni kama amemwita. "Zilikuwa za kijani. Kijani cha jani bichi. Mimi kwenye rangi sikosei, ndiyo kazi yangu."

"Na televisheni ni kazi yangu."

"Basi washa Tofali."

Kwenye Tofali taa zilikuwa za kijani. Lakini mtu wake alikuwa mnene, amejengwa kwa vipande kama ukuta, uso hana. Kitu kimoja tu niliikubalia, muziki. Raba ilikuwa inalialia kwa sauti moja ya mbu. Tofali ilipiga muziki hasa, wenye besi, unaopanda kila unapopanda ghorofa.

"Muziki huo niliusikia kila jioni," dada akasema. "Sisi tuko jikoni tunaosha vyombo, Mama na Baba wamefunga mlango. Mama anacheza, anasema 'Sasa. Sasa.' Na wewe unavunja vikombe."

Nilikumbuka vikombe. Nilikumbuka mlango pia. Mchana kompyuta ilikuwa yetu, jioni ikawa ya Mama, na Baba alikuwemo humo ndani na gazeti lake. Wakati mwingine tuliwasikia wakicheka, wakati mwingine sauti ya Mama ikipanda: "Umechelewa." Tulidhani anamsema yule mtu wa kwenye kioo.

Mama alikuwa ameitazama Tofali vilevile. "Sio huu." Na kibodi ikasukumwa tena kochini.

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyokwenda. Kaseti ya mchezo inachukua muda mrefu kuingia, huku inapiga kelele kama paka aliyefungiwa kabatini, halafu ikikaribia mwisho inakwama na unaanza upya. Nilisafisha vichwa vya kusomea kaseti kwa spiriti. Nilibadilisha waya. Nilijaribu Raba, Tofali, Raba tena. Kila mara namwekea Mama kibodi mapajani, katikati, naukunjua mkono wake wa kulia kidole kwa kidole na kuuweka juu ya vitufe, na kila mara anatazama kioo, anasema lake, anaisukuma kando. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa vigumu kukunjua. Nilivisikia mkononi mwangu, wiki hii vigumu kuliko wiki iliyopita, na sikumwambia dada, naye alivisikia na hakuniambia.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira. Na hasira ya kumwogopea mtu huwa haina adabu, inamrukia yeyote aliye karibu.

"Rangi zako za mapazia ndizo zinazotupotezea muda," nikamwambia dada. "Kijani, kijani. Mimi nililala na kuamka kando ya ile televisheni. Nani aliyeifungua Baba alipokuwa safarini? Nani aliyepigwa kwa ajili yake? Nilijifunzia kazi kwenye ile televisheni. Kila mteja namwambia, nilianza na televisheni ya baba yangu, ya chogo, nyeusi na nyeu—"

Nikaitazama rimoti.

Dada akaweka chini uzi aliokuwa akiusokota. "Malizia," akasema.

Sikuwa na haja ya kumalizia. Televisheni ya Baba ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ningeweza kuichora ndani yote nikiwa nimefumba macho, na wiki zote hizo nilikuwa nagombania rangi ya taa. Njano yangu ilikuwa imetoka kwenye picha ya kasha. Kijani cha dada, tulipokaa kuhesabu, kilitoka kwa majirani, waliokuwa na televisheni ya rangi na Tofali ya kwao, tulikokwenda kuchungulia mpaka tukafukuzwa. Nyumbani kwetu taa iliwaka nyeupe, basi. Kinyozi hajinyoi.

Nikachukua rimoti, nikashusha rangi mpaka mwisho. Sebule nzima ikawa kama imerudi nyuma. Nikaanza na Raba, sitaki kusema uongo, kwa sababu bado nilitaka kushinda. Bila rangi, kasoro yangu niipendayo ilitoweka, mtu hakuambukizwa kitu. Mama alitazama kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Sio," akasema, lakini taratibu.

Nikachomeka Tofali. Paka akalia kabatini, akalia, akanyamaza. Muziki ukaanza na yule mtu mnene akasimama chini ya mnara wa kijivu, na Mama akainua kidevu.

"Huu," akasema.

Dada akauokota uzi wake, akaendelea kuusokota kwa madaha ya mshindi.

Basi nikapiga magoti, nikamwekea Mama kibodi mapajani, katikati. Nikaukunjua mkono. Mama akaisukuma kibodi kushoto. Nikairudisha. Akaisukuma. Kwenye kioo popo walimkuta mtu wetu amesimama pale pale alipoanzia na wakammaliza.

"Mama, huu ndio," nikasema. "Umesema mwenyewe huu. Nimekutafutia, nimebeba mashine za watu, nimegombana na mtoto wako mkubwa, sasa umepatikana na hutaki kugusa. Unataka nini jamani? Hivyo vidole vikijifunga nitavifunguaje mimi? Kwa bisibisi?"

Sauti yangu ilivunjika mwishoni na ilinikera kwamba imevunjika. Mama alinitazama. Midomo ilitafuta neno, ikakosa, na nikaona machozi ya hasira machoni pake, hasira ile ile niliyokuwa nayo mimi. Nikainuka nikaenda jikoni kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Nilikuwa nimeshika bilauri tupu dada aliponiita, polepole, jina langu la utotoni. Nikarudi. Alikuwa amesimama mlangoni na hakuwa ameigusa kibodi.

"Itazame ilivyokaa," akasema.

Kibodi ilikuwa palepale inapokuwa kila Mama akiisukuma. Haikuwa imetupwa. Ncha yake ya kulia, penye kitufe cha kurukia, ilikuwa juu ya paja la Mama, chini ya ule mkono usiofanya kazi. Sehemu iliyobaki, penye vitufe vya kwenda mbele na kurudi nyuma, ilikuwa imelala kwenye mto wa kochi usio na mtu kushoto kwake. Juu ya mto huo tulikuwa tumerundika kaseti, rimoti na nyuzi za dada, kwa sababu hakuna mtu anayekaa pale. Tangu Baba aondoke hakuna mtu anayekaa pale.

"Tulikuwa tunasikia sauti mbili," dada akasema. "Kule jikoni. Hakuwa anamsema mtu wa kwenye kioo."

Miguu ilikuwa ya Baba. Kuruka kulikuwa kwa Mama. Mchezo wa mtu mmoja, kibodi moja, na wao waliugawana jioni kwa jioni nyuma ya mlango uliofungwa, na gazeti lilikuwa la kutudanganyia sisi. Mama angeanzaje peke yake, na mtu hana miguu?

Niliziondoa kaseti. Niliondoa nyuzi. Nikakaa, na mto ukazama chini yangu kama usiouzoea uzito wangu. Mama hakunitazama. Alitazama kioo, na mkono wake mzima ukaubeba ule mwingine, ukauweka kwenye kitufe, ukauacha hapo.

Nikaanza mchezo. Nikampeleka mtu wetu mbele, taa ya kwanza ikawaka nyeupe, tukafika kwenye pengo.

"Sasa," Mama akasema.

Hakikutokea kitu. Nilimwona akikikodolea macho kile kidole, bega likitetemeka, mshipa wa shingo umesimama. Mtu wetu akafika ukingoni. Akatumbukia. Na alipokuwa tayari anaanguka, nusu ya njia kwenda chini, kidole cha Mama kikashuka, na kitufe kikalia.

Dada akaja akachutama kando ya kochi, macho kwenye kile kidole.

Mama alikitazama kidole chake. Kisha akanigeukia mimi, mwenye miguu, kwa jicho kali ambalo sikuwahi kuoneshwa mimi, lilikuwa la mtu mwingine siku zote.

"Umechelewa," akasema.

Nilitaka kubisha. Kila fundi angekubali kwamba miguu ilifika kwa wakati na aliyechelewa ni kidole. Nikafuta uso kwa mkono wa shati, nikamrudisha mtu wetu chini ya mnara.