Maji Ndani ya Rejeta

Trekta ya mume wangu Jumakadyr ilikaa nyuma ya zizi miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Farasi wetu alipokufa ndipo akaikumbuka. Nyasi zetu zote zilikuwa juu mlimani, ng'ambo ya mto, na theluji ikishaziba njia ya huko hapiti mtu mpaka iyeyuke. Bila nyasi hizo tungemchinja Alagöz, ng'ombe wetu pekee, tena ana mimba. Nani angemnunua, wakati kijiji kizima kinahesabu nyasi zake?

"Mzee, hilo dude limekufa," nilimwambia. "Lizike."

"Mbona wewe sijakuzika?" akajibu, akaingia uvunguni.

Jirani yetu Satarkul alikuja kumsaidia. Zamani alikuwa dereva wa shamba la ushirika, na tangu ushirika ufe kazi yake ni kusimulia alivyokuwa dereva. Waliifungua injini uani, wakasafisha nozeli za kupulizia dizeli kwa mafuta ya taa, wakakata gasketi ya pampu ya maji kutoka kwenye buti langu la zamani. Mimi nilipika na kufoka. Kila asubuhi nilitazama vilele, na kila asubuhi weupe ulikuwa umeshuka kidogo.

Trekta ilinguruma siku moja jua likielekea kuzama. Moshi mweusi ulijaa uani, kuku wakatawanyika. Nililia, wala sioni haya kusema. Jumakadyr aliizungusha uani mara mbili, akaizima. Alfajiri wangepanda mlimani.

"Sasa tuioshe," Satarkul akasema, akatoa chupa ya vodka kwenye koti. Kwetu kitu kipya, au kilichofufuka, huoshwa kwa kinywaji, la sivyo kitaharibika.

"Mtaiosha mkirudi na nyasi."

"Shemeji, unataka itufie njiani? Usituletee mkosi!"

"Lete mkate, bibi," mume wangu akasema huku akicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. "Na wewe unywe kidogo."

Nikaleta mkate na jibini kavu. Nikanywa. Tulimwagia tairi tone, tukaiombea isiharibike tena, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Huku kwetu milimani hata mtoto anajua kwamba baridi ikianza, maji ya rejeta humwagwa kila jioni, maana yakiganda hupasua chuma cha injini. Satarkul aliyamwaga maisha yake yote ya udereva. Jioni ile hakuna aliyeigusa koki ya kuyamwagia.

Asubuhi nilimkuta Jumakadyr amepiga magoti mbele ya injini, mikono mitupu. Ufa ulishuka toka juu hadi chini, na barafu imechungulia ndani yake. Kwenye kiti cha dereva, vodka iliyobaki ilikuwa haijaganda.

"Si itachomelewa?" nikamuuliza.

"Hii haichomeleki."

Nilikuwa na matusi ya kumtosha msimu mzima. Theluji ilikuwa inatua mabegani mwake, wala yeye haipangusi.

Satarkul akaja amevaa nguo za safari, kamba ya kufungia nyasi begani. Akauona ufa. Akaitua kamba chini taratibu, akageuka kuondoka.

"Iache hapo," mume wangu akamwambia bila kuinua uso. "Na urudi na kisu chako. Changu butu."

Nikaingia zizini. Alagöz akanusa viganja vyangu, akitafuta chakula.