Kuinua Kutoka Chini

Jasho lilinitoka mbele ya ndoo tupu. Ndoo ya kufulia, haina hata tone, nami nimeisimamia kama mtu aliyekutana na nyoka mlangoni. Binti wa zahanati anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo, umri wa kuwa mwanangu, akaniambia niiname, niinue. Nikamjibu kwamba daktari wa kiwanda amekataza.

"Alikataza mpaka lini, baba?"

Hilo sikuwa nimeuliza. Wakubwa hawaulizwi.

Kiuno kilinikatikia kiwandani, kwenye ghala la unga, gunia likiwa begani. Daktari wao hakunigusa hata kwa kidole. Aliandika karatasi huku akimtazama msimamizi: alale chali, asiiname, asinyanyue kitu. Nikalala juu ya mbao wiki tisa. Nilitii kama punda, na kila wiki nikakakamaa zaidi, mpaka kuvaa soksi ikawa safari.

Ningevumilia, lakini mke wangu alikuwa ameshikwa na kiharusi upande mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa kitandani kila asubuhi nimweke barazani, aone watu. Sasa dada yangu na jirani walimbeba kama kabati siku walizopata nafasi. Wasipokuja, alibaki na dari.

"Tumekuwa maiti wawili," aliniambia siku moja, mimi niko sakafuni. "Mmoja juu, mmoja chini." Akacheka kwa ule upande uliobaki.

Wiki ya tisa ilipokwisha nikajikokota hadi zahanati. Yule binti alinipapasa uti wa mgongo, akaniinamisha, akanigeuza. Akasema hakuna kilichovunjika. Nyama zimelala kwa kukosa kazi, na mwenyewe nimejaa woga. Kisha akauliza magunia nilikuwa nikiyainuaje. Nikamweleza kwamba mchukuzi haokoti gunia chini: wenzako wawili wanakutwika, unakwenda, unabwaga.

"Kumbe miaka ishirini na sita umebeba, baba. Kuinua hujawahi."

Niliudhika. Nikaudhika zaidi nilipoona ni kweli. Hata mke wangu nilikuwa nikimzoa kwa mgongo, miguu imenyooka kama nguzo. Na hakuna bwana mkubwa hata mmoja aliyewahi kunionyesha.

Basi ikawa ndoo. Kila siku ya tatu, bakuli moja la maji liongezwe. Magoti yakunjwe, makalio yarudi nyuma, mzigo ukae karibu na mwili, pumzi itoke. Asubuhi nitembee hadi kona na kurudi. Mgongo ukinung'unika nipunguze bakuli, lakini nisirudi kwenye mbao. Mke wangu akawa msimamizi wangu kutoka kitandani.

"Makalio, mzee. Makalio."

Siku nilipoinua ndoo mbili zilizojaa, nilimwambia dada yangu kesho asije. Asubuhi nikakunja magoti, nikamkumbatia mke wangu karibu, nikatoa pumzi, nikamwinua kwa nguvu zinazomtosha yule mwanamke niliyembeba mara ya mwisho miezi mitano nyuma. Nusura nimrushe darini. Hakuwa na uzito. Alikuwa amekwisha, nami nilikuwa nimelala pale pale chini yake, natii karatasi.

"Polepole," alininong'oneza. "Mimi si unga."

Nilimpeleka barazani asubuhi kumi na tisa, kisha tukamzika. Zile wiki tisa ni asubuhi sitini na tatu; nimezihesabu mara nyingi. Daktari wa kiwanda nakutana naye dukani. Huwa ananiuliza mgongo u hali gani. Namwambia mzima.