Kumbukumbu ya Gigabaiti Kumi na Sita

Vumbi jekundu la kijijini kwao, Kagerankanda, lilikuwa limemganda Immakulata hadi kwenye kope alipobisha hodi nyumbani kwa mzee Abdalah, mjini Kasulu, kwa mara ya tatu mwezi huo. Mwanahawa, mke wa Abdalah, alimtilia maji anawe uso, kisha akamwita mumewe kwa sauti ya mtu anayelijua jibu litakalotolewa.

"Bado, dada," Abdalah alisema kabla salamu hazijakwisha. "Mashine imezidiwa."

"Nitarudi, mzee wangu." Immakulata alifuta uso kwa pindo la kitenge. "Mama tulimzika masika. Hatukuwahi kumpiga picha hata moja. Kama sura yake haimo kwenye video ya harusi ya kaka Moses, basi haipo popote."

Kwa miaka kumi na minane Abdalah alikuwa mpiga video za harusi, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo. Simu za mkononi zilipoanza kurekodi, kazi ikamponyoka kidogo kidogo kama sabuni majini. Alibaki na kanda zake, ambazo alizihamishia zote kwenye kisanduku cheusi chenye diski nne, kilichokaa chini ya meza ya sebuleni na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa mtandao. Zilikuwa na namba bila majina. Daftari la majina lililiwa na mchwa. Kutafuta harusi moja kulimaanisha kufungua video moja baada ya nyingine, na kila moja ilijivuta kama mgonjwa anayeamshwa. Kisanduku kingeweza chenyewe kutengeneza vipicha vidogo vya kila video, mtu akavipitia vyote kwa mtazamo mmoja. Lakini kwa prosesa ile dhaifu na kumbukumbu ya gigabaiti mbili, ilikuwa kumtwika mwanapunda mzigo wa lori. Kila kilipoanza kilipata moto, kikajizima.

Abdalah naye alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa wa mikono. Ulikuwa wa mtu aliyesimama miaka nenda miaka rudi pembeni mwa furaha za wenzake, kamera begani, asibakie katika kumbukumbu ya yeyote. Mara mbili alikuwa amekusudia kukitupa kisanduku kile. Lakini lile neno, "haipo popote," lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku hiyo hiyo akampigia mpwa wake Saady, aliyekuwa Dar es Salaam, amtafutie prosesa yenye nguvu inayokubaliana na ubao mkuu wa kisanduku kile, pamoja na vijiti viwili vya kumbukumbu, gigabaiti nane kila kimoja.

Kifurushi kiliwasili kwa basi baada ya wiki tatu. Asubuhi Abdalah alitandika kanga mezani, akachomoa nyaya, akafungua skrubu nne za kipozeo kilichoikalia prosesa. Chini yake girisi ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Aliifuta kwa pamba yenye spiriti, akaiinua prosesa kuukuu. Pini za tundu lake zilisimama wima, nyembamba kama manyoya ya kiwavi. Kupinda moja ni kuupoteza ubao mzima.

"Baba Badru," Mwanahawa aliuliza, "kikifa je?"

"Kitakuwa kimekufa kikitibiwa."

Akabana pumzi, akailaza prosesa mpya. Akaweka girisi kiasi cha punje ya mchele, akarudisha kipozeo, akasukuma vijiti vya kumbukumbu mpaka vikalia *ta*. Alipowasha, feni ilivuma mara moja, ikanyamaza. Taa haikuwaka. Abdalah aliketi akikitazama kisanduku, mikono mapajani, bila hata nguvu ya kulaani. Muda ulipita ndipo akainuka, akavichomoa vijiti, akavifuta na kuvirudisha kimoja kimoja, kwa upole ambao hakujua kuwa bado anao.

Taa ikawaka kijani.

Siku ya tatu vipicha vyote vilikuwa tayari, na Immakulata aliitwa. Hazikupita dakika kumi akagusa kioo kwa kidole. "Moses huyu. Suti ile aliazima."

Video ilifunguka kabla Abdalah hajaondoa mkono kwenye kipanya. Wakamwona padre, keki, wajomba waliotunza, mgeni rasmi akisinzia. Abdalah alirudi nyuma, akaenda mbele, na mashine ikamtii papo hapo. Mama hakuonekana.

"Alikuwa wapi siku hiyo?" aliuliza, ingawa jibu lilikuwa limekwisha kumfikia.

"Jikoni. Alipika tangu alfajiri."

Katika harusi zote zile Abdalah hakuwahi kuipeleka kamera jikoni, na safari hii hakuwa na mashine ya kuisingizia.

Karibu na mwisho, pindo la kanga likapita mbele ya bibi harusi, na mkono uliobeba sahani. Sauti ya mwanamume ikasikika, karibu sana: "Mama, ondoka hapo, unaniziba."

Ikajibu sauti ya mwanamke, kwa Kiha, ya chini, isiyo na kinyongo: "Mpore, mwana wanje."

Kanga ikatoweka.

Immakulata alijiziba mdomo kwa kiganja. Abdalah aliinamisha macho sakafuni.

"Aliyemfukuza ni mimi," alisema.

"Nimekusikia." Immakulata alishusha kiganja. "Yeye kakuomba radhi. Kakuita mwanawe."

Akavuta kigoda chake karibu na kioo. "Rudisha, mzee."

Akarudisha. Akarudisha tena. Mwanahawa alitokea jikoni na sinia la chai, akasita mlangoni, asitake kukatiza mbele yao.

"Pita," Abdalah alimwambia.

Mwanahawa hakupita mara moja. Alisimama na sinia lake mkononi, akisikiliza.