Mji Uliotolewa Haraka

Feni ya ofisi inazunguka kivivu, wali wa mchana umekaa vizuri tumboni, na Mwajabu analaza shavu juu ya mchoro wake kwa nia ya kufumba macho kidogo tu. Yeye ni msanifu majengo, na mchoro huu ni wa ukuta wa mto. Mvua za miaka hii zimekosa adabu, asubuhi moja zinamwaga maji ya mwezi mzima, na wakazi wa Majengo ya Juu wanataka ukuta wa kulinda nyumba zao na uwanja wao wa gofu. Kesho mchoro unapelekwa kupitishwa, ukipita, ukuta unajengwa. Ng'ambo ya mto iko Bondeni, mtaa wa watu wa vyumba vya kupanga, lakini Bondeni haimo mchoroni. Iko nje ya mpaka wa mradi, na wasanifu wana desturi yao: kilicho nje ya mpaka huachwa cheupe. Mwajabu anasinzia akiutazama weupe huo, anauona mstari wa mpaka umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, naye anauinua kwa kidole, anainama, anapita chini yake.

Huko hakuna jua wala kivuli. Barabara zinajichora kadiri anavyozikanyaga, akigeuka nyuma zimeshafutika na nyingine zimechipuka, na zote zinarudi kwenye mji uleule ambao kila mara si uleule. Nyumba zimepangana pande mbili, pacha na pacha, kila moja ikijitazama katika mwenzake, na zinacheza mchezo wa ajabu: ya kulia ikijiinua kidogo kwa kifusi, ya kushoto inazama kiasi hichohicho. Mwajabu haogopi hata chembe, udadisi umemshika. Anachuchumaa kukagua misingi, anachota udongo, anaunusa, anataka kujua ni nani anayeleta kifusi na kwa nini kinamwagwa upande mmoja tu. Akiinua kichwa anamwona mwanamke njia panda, mkoba begani, uso hana. Mara moja anamtambua. Ni yule mtu ambaye Mwajabu humchora katika kila jengo ili kuonyesha kimo cha milango, siku zote yuko safarini na hajafika popote.

Shikamoo, anasema Mwajabu, maana adabu ni adabu hata kwa asiye na uso. Marahaba, mwanangu, umekawia. Hapa ni wapi, mama? Kitendawili! anajibu yule mama, na Mwajabu anacheka, miaka mingi hajategewa. Tega! Nikisimama mimi, mmoja anakaa pakavu, mwenzake anaogelea. Mwavuli, anasema Mwajabu. Sivyo. Paa. Sivyo, umeshindwa, nipe mji. Na Mwajabu, bila kufikiri, kama alivyofanya utotoni, maana katika mchezo huu hutoi kwenu, unatoa pale usipopajua, anasema: Nakupa Bondeni.

Yule mama anatikisa kichwa taratibu. Nimekwenda Bondeni, anasema, nikala sikushiba, nikalala sikukauka, nikakuta watu wako juu ya mabati. Jibu ni ukuta wako. Hapo maji yanaingia, hayana kelele, yanapita kati ya nyumba pacha na yote yanageukia kushoto. Juu ya bati moja ameketi mwanamke mwenye godoro mapajani. Mimi Mwanahawa, anamwambia Mwajabu, ndiwe uliyetutoa? Nilikuwa nacheza tu, bibi. Mwanahawa anaweka godoro vizuri. Wote waliotutoa walikuwa wanacheza tu, anasema, wala hana hasira, na hilo ndilo linalomuuma Mwajabu zaidi. Anaona aibu, aibu ya kweli, masikio yanamwaka moto. Anamgeukia asiye na uso: Mama, nirudishie mji wangu. Haukuwa wako, ndiyo maana ulitoa haraka. Basi chukua uwanja wa gofu! Huo ni wako? Si wangu, lakini mkono unaouzungushia ukuta ni wangu. Kwa mara ya kwanza yule mama anasimama kabisa, kama anayesikiliza, na maji yanamfika Mwajabu kifuani.

Mwajabu, lala nyumbani kwako, anasema Sefu, mwenzake wa meza ya pili ofisini, akimtikisa bega. Mwajabu anaketi wima. Anachukua kifutio, anaufuta ukuta na kuuchora upya nyuma ya uwanja wa gofu, ili mto ukijaa upate pa kutanukia upande huo. Sefu anashika kiuno. Uwanja wao ulowe? Nyasi zikilowa zinakauka, Sefu. Bondeni kuna nyumba ngapi? Sefu anainua mabega: nani anajua, hatujawahi kwenda.

Mwajabu anavaa viatu, anatoka, anavuka daraja la miguu. Vichochoro vya Bondeni vinajipinda mbele yake, vinamrudisha alikotoka, vinampeleka tena, na hana hakika kama ameamka au amepita tu mpaka mwingine. Mlangoni mwa chumba cha kwanza mwanamke anakamua nguo. Samahani, dada, anasema Mwajabu, maji yakija mnakwenda wapi?

Mwanamke anaacha kukamua, anamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Leo ndiyo mnauliza? anasema, na anamsogezea kigoda.