Aliyesimama Kwenye Nguzo ya Mwisho

Fundi alikuwa hajalia. Watu walimsubiri mama huyo alie siku ya mazishi ya bintiye, hakulia. Wakasema kilio kitamtoka atakapobaki peke yake nyumbani. Miezi minane ikapita, hakikumtoka. Aliketi kwenye cherehani yake katika chumba cha mbele, akishona sare za shule na magauni ya watu, na mteja akimpa pole alijibu, "Ahsante. Kiuno kiwe cha kubana au cha kuachia?"

Binti alifariki akijifungua. Mtoto alipona, wa kike, na alikuwa akilelewa na baba yake mtaa wa pili tu kutoka hapo. Fundi hakuwahi kumshika. Siku ile hospitalini nesi alimnyooshea kile kifurushi cheupe, naye akaficha mikono mgongoni kama mtu anayepewa kaa la moto. Baadaye mkwewe alikuja naye mara tatu, kamlaza begani. Mara zote tatu fundi alisema ana kazi za watu. Mara ya nne hakuja.

Kanisani alikuwa bado anakwenda, lakini kwa mazoea, kama mtu anayeendelea kufagia ua wa nyumba aliyokwisha kuhama.

Kwaresima ilipokaribia mwisho, mtunza sakristia akabisha hodi. Huyu alikuwa mzee mwembamba, na parokia nzima ilimwita Mzee Funguo kwa ajili ya ule mzigo wa funguo uliokuwa ukimlia kiunoni kila alipokwenda.

"Fundi, panya wamevitafuna vile vitambaa vya kufunikia sanamu. Nataka vipya vitano, zambarau, na Jumapili ya tano ziwe zimefunikwa, nayo imeshafika mlangoni."

"Vipimo?"

"Vya mwaka jana vimepotea. Lakini watakatifu hawanenepi. Njoo upime mwenyewe."

Akaenda, akapima, akashona. Kila kimoja alikitia pindo la mara mbili lenye mshono wa kurudi, pindo ambalo mafundi wengine mjini waliliona ni kujichosha bure. Kitambaa kilitosha kwa taabu. Kipande kilichobaki hakikufaa hata foronya.

Jumamosi mchana wakaanza kufunika. Nje mvua ilikuwa imeshuka na mbingu imefunga, na ndani ya kanisa mwanga ulikuwa kama wa magharibi. Bikira Maria akafunikwa, kisha Yosefu, kisha Antoni, kisha Moyo Mtakatifu. Fundi hakuipenda kazi ile. Sanamu iliyo wazi ni sanamu tu; ukiifunika inakuwa mtu. Kila alipoipa mgongo moja ya zile nne, shingo ilimsisimka.

Ukabaki msalaba mkubwa juu ya altare.

"Huo hatuufikii bila ngazi ndefu," alisema Mzee Funguo. "Iko stoo huko nyuma. Nisubiri, sichelewi."

Funguo zikalia mpaka mlangoni, zikapotelea mvuani. Fundi akaketi kwenye benchi, kitambaa cha tano kikiwa kimekunjwa mapajani. Akamtazama yule aliyetundikwa juu, ambaye muda mfupi ujao naye angefunikwa, na hasira ikampanda bila kutarajia.

"Haya, jifiche," alisema kwa sauti. "Si ndiyo kazi yako? Na mimi ndiye wa kukushonea nguo za kujifichia."

Kanisa lile lilikuwa na mwangwi. Hata watoto wa katekisimu walilijua hilo na kulichezea. Safari hii mwangwi haukurudi. Maneno yalikwenda, yakapokelewa mahali. Na kelele za mvua juu ya bati zikafifia, kama kuna mtu aliyefunga mlango taratibu.

Fundi akageuka.

Kwenye nguzo ya mwisho, karibu na mlango wa pembeni, palikuwa pamesimama umbo jingine, limefunikwa zambarau mpaka sakafuni.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mzee ametoa sanamu mbovu kutoka sakristia akaisahau pale. Wazo la pili lilimkausha mate: vinne viko juu ya sanamu, cha tano anacho mapajani. Hiki kimetoka wapi? Akainuka. Hakujua kwa nini alikwenda badala ya kukimbia. Alipofika karibu aliinama, akashika upindo wa chini. Pindo la mara mbili. Mshono wa kurudi. Mkono wake mwenyewe.

Jicho la fundi halina likizo. Hata na woga ule aliona kwamba bega la kushoto liko chini kuliko la kulia, kiasi cha vidole viwili, kama la mtu aliyebeba mzigo mzito njia ndefu. Nani anachonga sanamu namna hiyo? Akainua macho mpaka usawa wa uso. Pale kitambaa kikaingia ndani kidogo. Kikatoka. Kikaingia tena.

Kilikuwa kinapumua.

Alitaka kumwita mzee. Umbo likainamisha kichwa kumwelekea, polepole, kama anavyoinama mrefu anapotaka kumsikia mfupi. Wala hakuhitaji kuuliza ni nani. Alijua, kama unavyojua ukiwa kwenye chumba chenye giza kwamba hauko peke yako.

"Ulikuwa wapi?" Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilipiga magoti kwenye ile korido tangu asubuhi mpaka jioni. Manesi walikuwa wananiruka. Nilikuomba mmoja tu, mtoto wangu. Ukamchukua, ukanipa mwingine. Nani alikuomba mwingine?"

Hakuwahi kulisema hilo mbele ya mtu. Hata kichwani mwake hakuwahi kulimaliza. Sasa alisimama akingoja kupigwa.

Hakupigwa, wala hakujibiwa. Ila pale macho yanapokuwa, kitambaa kikaanza kuwa cheusi. Madoa mawili, madogo kama vifungo, yakapanuka, yakakutana, yakateremka kifuani. Na yale mabega aliyokuwa ameyapima kwa jicho yakaanza kutikisika.

Fundi alikuwa ameona watu wengi wakimlilia bintiye, na kila kilio kilimdai kitu: awabembeleze, au alie nao, au aonekane ameumia ipasavyo. Kilio hiki hakikumdai chochote. Huyu alilia kama mfiwa.

Akanyoosha mkono, akagusa penye unyevu. Palikuwa na joto.

Hapo ndipo kilipomtoka, kilio cha miezi minane, kwa kishindo, kama matapishi. Akaanguka chini, paji la uso sakafuni, akimwita binti yake kwa jina la utotoni.

Mzee Funguo alimkuta hivyo. Akaiegemeza ngazi ukutani upesi. "Fundi! Umeteleza?"

Fundi akainua kichwa. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zote. Mbele yake palikuwa na nguzo tupu.

"Mzee, sanamu ziko ngapi humu?"

"Nne, na msalaba. Umepima mwenyewe."

"Na hapa kwenye nguzo?"

Mzee akazishika funguo zake kwa kiganja zisilie. "Hapo hapajawahi kuwekwa sanamu," alisema. Kisha, badala ya kuuliza ameona nini, akauliza, "Amekufanyia nini?"

"Amelia."

Mzee akavua kofia. "Mimi alinishika mkono tu. Miaka kumi na tisa sasa. Nilikuwa nimeingia humu na kamba ndani ya koti." "Sijawahi kumwambia padri, nisije nikatolewa kazini kwa wazimu. Inuka, dada. Tumalizie msalaba."

Wakamalizia, yeye akishika ngazi, mzee akiwa juu. Kisha fundi akatoka kwenye mvua bila mwavuli na hakushika njia ya kwake.

Mkwewe alikuwa kibarazani anafua nguo za mtoto kwenye beseni. Alipomwona amelowa vile, macho mekundu, akasimama na mapovu mikononi. "Mama! Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nimekuja kumwona mtoto."

Kijana akasita. Alikuwa na haki ya kusita. "Huwa analia kwa wageni, Mama."

"Basi alie. Nitamsaidia."

Akaletewa. Fundi akampokea, akajikaza amtazame, kwa maana miezi yote hiyo alichokiogopa ni kuiona sura ya bintiye pale. Haikuwapo. Masikio yalikuwa ya baba yake, paji la uso halikuwa la mtu yeyote. Alikuwa mtu mwingine kabisa, amekuja na mambo yake. Mtoto hakulia. Alimkazia macho, kisha akamkamata pua na kuivuta.

Mkwewe akacheka, halafu akaufuta uso kwa mkono wenye sabuni, akazidi kuharibu.

"Nani anabaki naye ukienda kazini?"

"Sijarudi kazini, Mama. Naogopa wataniondoa."

"Jumatatu unarudi. Utamleta kwangu kabla hujaenda." Fundi akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akamweka mtoto vizuri kwenye mkono wa kushoto. "Na hiyo sabuni unayomfulia, ibadilishe. Haya mashavu yanamwasha, huoni?"